Kistari Katika Safu ya Sababu

Hitima siendi. Nikialikwa natoa udhuru, na mke wangu, ambaye amechoka kunitetea, huwaambia watu kwamba nasumbuliwa na tumbo. Tumbo sisumbuliwi. Nina kinyaa na pilau ya hitima, na kinyaa hicho kilinianzia Temeke, wakati wa Waingereza, nilipokuwa karani wa baraza la mtaa wetu.

Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na wawili, na uchaguzi wa wajumbe wapya ulikuwa unakaribia. Kazi ya kuandikisha wapiga kura walipewa watu watano walioitwa kamati ya uchaguzi. Mimi niliwashikia daftari. Sharti lilikuwa moja: uwe mtu mzima mwenye stakabadhi ya kodi ya nyumba kwa jina lako mwenyewe. Hakuna aliyeandika kwamba mwanamke haruhusiwi, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba mwanamke angekuja.

Akaja mmoja. Alikuwa mama wa makamo aliyesomesha watoto wa kike Kurani uani kwake, katika nyumba aliyorithi kwa mama yake. Mumewe, mzee mpole aliyeuza mafuta ya taa, alikuwa hai wakati huo. Mama akaweka stakabadhi mezani, jina lake limeandikwa vizuri kabisa, nami nikamwandika bila kufikiri mara mbili. Mwenyekiti wa kamati alipoliona jina lile jioni, aliguna.

"Wenye nyumba hapa wanawake wamejaa," alisema. "Akiingia huyu, kesho watajipanga mlangoni na mabuibui yao. Sie tutakwenda wapi?"

Basi wakamtafuta mtu wa kumwekea pingamizi. Kanuni ilisema anayewekewa pingamizi ataitwa kwa barua, aje mbele ya kamati ajitetee. Asipokuja, na asipokuwa na sababu, jina linafutwa. Barua ilikuwa bado haijaandikwa mumewe alipofariki.

Kamati nzima ilikwenda mazikoni, na siku ya arobaini ilikwenda tena kwenye hitima, pamoja na wajumbe saba wa baraza. Mimi Mkristo wa bara nilifuatana nao, kwa sababu mtu huenda kwa jirani yake. Tulikaa mkekani, sinia moja watu watano, na mwenyekiti wa kamati akawa ndiye mwepesi kuliko wote kuzitafuta nyama chini ya wali. Alikula mpaka akafungua kifungo cha kanzu. Alimwombea marehemu kwa sauti, akamwombea na mjane Mungu ampe subira. Juma moja baadaye akanikabidhi barua ya wito niipeleke kwenye nyumba ileile.

Nilibisha hodi. Akatoka shangazi wa yule mjane, ajuza mwenye sauti kavu. Nikamwamkia, nikampa barua, nikamweleza kwamba mama anatakiwa ofisini Jumatano saa tatu.

"Hawezi," alisema. "Yuko eda."

Sikuijua eda. Akanieleza bila kunicheka kwamba mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, haendi barazani kwa wanaume, hata kama anaitwa na nani. Nyuma ya pazia mjane mwenyewe akasema, "Mwambie nisiitwe sasa. Eda yangu ikiisha nitakuja kwa miguu yangu. Na mpe maji, jua kali." Nikaletewa maji ya mtungi katika bakuli la bati. Nilikuwa nimetembea mchana kutwa na barua za kamati, nikayanywa yote, nikashukuru.

Jumatano kamati ikakaa. Kaka wa mjane alifika, wakamwambia aliyeitwa si yeye, akatolewa nje kabla hajasema la maana. Daftari la wito lilikuwa na safu tatu: jina, amekuja au hakuja, na sababu. Kwenye safu ya tatu nilikuwa nimeshaandika kwa penseli: yuko eda. Mwenyekiti akalivuta daftari, akasoma, akanirudishia pamoja na kifutio.

"Hiyo ni habari ya nyumbani kwake, si sababu ya ofisini. Futa, weka kistari."

Nilitazama nyuso za wale wengine wanne. Watu waliokwenda msikitini mara tano kwa siku, na kila mmoja ana dada au mama aliyewahi kukaa eda. Mmoja alikuwa anachokonoa meno. Nikafuta. Nikaweka kistari, na chini yake nikapiga mhuri. Kamati ikaamua jina liondolewe.

Kaka mtu hakukubali, akaenda kwa hakimu wetu wa karibu. Nasikia hakimu alisikiliza muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, akaamuru jina lirudishwe. Hapo mambo yangekwisha. Kalamu ilikuwepo, wino ulikuwepo, na mimi nilikuwepo. Lakini kamati ikaona imeaibishwa, ikakata rufaa, ikamkodi wakili wa mjini, mtu wa suti na teksi, ikamlipa nusu ya ada kwa fedha zilizotengwa kuchimbia mtaro. Nusu ya pili haikupatikana bila idhini ya baraza. Baraza likikataa, rufaa inakufa na mama anapiga kura.

Ndiyo maana siku ile wajumbe wa baraza waliiita kamati kuihoji. Nilikaa pembeni na daftari langu, nikijiambia kwamba haki sasa itapata wenyewe. Nilikuwa mjinga.

Mjumbe wa kwanza akauliza kwa nini wakili wa mjini na si wa bei nafuu. Wa pili akauliza teksi ilikuwa ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Wa tatu alikuwa na nyumba pale mtaro ulipotakiwa kupita, akafoka karibu nusu saa juu ya maji machafu yanayoingia jikoni kwake. Wengine wakampigia meza. Wa nne akataka kujua chai ya wakili ililipwa na nani. Nikawa naandika, naandika. Mama wa watu yuko ndani nyuma ya pazia, na hawa waheshimiwa wanagombania chai.

Akasimama fundi cherehani, mjumbe wa mtaa wa mbali, ambaye arobaini ile hakuihudhuria. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza habari ya mama.

"Mie nataka jambo moja. Siku ile ya wito, kamati iliambiwa kwamba huyu mama yuko eda, au haikuambiwa? Kama iliambiwa, rufaa hii ni upuuzi, na mie sitoi hata senti."

Niliwahesabu waliokuwa wamekaa na sinia mbele yao siku ya arobaini: mwenyekiti wa kamati na wenzake wanne, na wajumbe saba wa baraza. Hakuna aliyeinua uso.

"Eda tumeisikia kwa hakimu," mwenyekiti wa kamati akasema, taratibu kabisa. "Angekuwa na sababu, ingeandikwa. Karani, wasomee waheshimiwa safu ya sababu."

Nikasimama. Nikafungua daftari. Alama za penseli bado zilionekana kwa mbali ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

"Kuna kistari, mheshimiwa."

"Kistari maana yake nini?" fundi akaniuliza.

"Maana yake hakuna sababu."

Akanitazama. "Wewe ndiye uliyepeleka barua. Hukuambiwa neno mlangoni?"

Nilikuwa na chumba cha kupanga, mke mja mzito, na ajira ambayo mwenyekiti yule angeweza kuikatisha kwa karatasi moja. Ninayasema haya ili yajulikane, si ili nihurumiwe.

"Kilichoandikwa ndicho nilicho nacho, mheshimiwa."

Wakapiga kura ya mikono. Ada ya wakili ikapita, kwa onyo kwamba fedha za mtaro zirudishwe. Fundi cherehani alichukua kofia yake akatoka bila kuaga. Waliobaki walinywa chai. Rufaa ilisikilizwa na Mzungu aliyelikagua daftari langu, akakiona kistari na mhuri, akaona mambo yako sawasawa. Jina likafutwa kwa wino mwekundu, na aliyelifuta ni mimi.

Eda ilipoisha, mama alikuja kwa miguu yake kama alivyoahidi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akaniomba nimwonyeshe mahali alipoandikwa. Herufi zetu hakuzijua, alisoma za Kiarabu tu, kwa hiyo nilimwekea kidole kwenye jina lake na yeye akakifuata kidole changu, safu baada ya safu, mpaka mwisho.

"Na hiki?"

"Ni kistari, mama."

"Kinasomwaje?"

Nikaondoa kidole. Alisubiri kidogo, nadhani kama alivyowasubiri wanafunzi wake wakikwama kwenye aya.

"Sababu nilikupa, mwanangu," alisema. "Na maji ulikunywa."

Akashusha buibui, akaondoka.

Siku ya kura nilisimama mlangoni nikiita majina kwa sauti. Walikuwa wamejipanga wanaume watupu mpaka barabarani, na mwenyekiti wa kamati mbele yao, anagombea. Yeye mama alikuwa ng'ambo, amesimama kwenye kivuli cha ukuta na stakabadhi yake mkononi, amekuja kusikia tu. Nilipoufikia mstari wake mwekundu nilimwona akinyoosha shingo. Nikaita jina lililofuata.