Glukosi ya mama

Leo nimezirai kazini, maua mkononi, mbele ya supervaiza.

Tangu ile homa ya virusi iliyonilaza wiki mbili, sijawahi kuwa sawa. Kiu haiishi. Nachoka nikiwa nimekaa. Kule shamba la maua wanasema ni uvivu tu.

Nesi wa kliniki akapima sukari. Akapima tena.

"Iko juu sana. Virusi wakati mwingine huvuruga vile mwili unatumia sukari. Umekuwa ukinywa nini?"

Glukosi, ile sukari ya unga ya dukani. Miezi mitatu. Mama hunikorogea kikombe kila asubuhi nipate nguvu.

Sasa nimefika nyumbani Kamere. Mama alishasikia nimeanguka.

Leo ameongeza vijiko viwili, na amesimama hapa akingoja nimalize.

Mngekuwa nyinyi, mngemwambia aje?