Kiburu cha Bibi

Juzi nikiwa na mwanangu mjini Moshi, niliona ubao wa mgahawa umeandikwa "Leo kuna kiburi." Mwandishi alikosea herufi moja, nikakumbuka kosa langu.

Nikiwa mtoto, Jumapili moja kule Old Moshi ukungu ulifunika migomba, na mchungaji alikuwa ametuonya kwamba Mungu hapendi kiburi. Mchana bibi alinipakulia kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, yakinukia moshi wa kuni. Nilikataa, huku nikitetemeka kwa baridi na njaa.

"Bibi, Mungu hapendi kiburu."

Bibi hakucheka. Alinishikisha bakuli, likanipasha vidole moto.

"Kiburi ni kukataa chakula cha bibi yako," alisema.

Nilitubu kwa mabakuli mawili.

Juzi nikaingia mgahawani, nikamwagizia mwanangu kiburi chake cha kwanza.