Bibi Nyanzala Apimwa kwa Mizani ya Tumbaku

Bibi yangu Nyanzala amelima mpunga Usevya miaka arobaini, na kitu anachoweza kukibishia hajawahi kukikubali. Mimi mjukuu wake ananiita "mume wangu", kama bibi zetu wote, na kunisema ananisema kama mume kweli.

Mwanawe wa mwisho, Lucia, aliolewa na daktari wa Komoro, visiwani huko. Akajifungua mara mbili bila mama yake. Enzi hizo ndege ya Komoro ilikuwa moja kwa wiki. Bibi alipanda treni mara zote mbili, na mara zote mbili akafika Dar ndege imeondoka jana.

Mwaka 1996 hivi sera ilishabadilika, kampuni binafsi zimeruhusiwa kurusha ndege. Kandege ka viti vitano ka kwenda Dar kakaanza kutua Mpanda kila Jumanne, na kutoka Dar safari za Komoro zikawa tatu kwa wiki. Mimba ya tatu ya Lucia ilikuwa imeingia mwezi wa tisa.

"Hii siikosi," bibi akasema.

Uwanjani, Evarist, karani wa kampuni, alikuwa ameazima mizani ya tumbaku. Bibi akatokea na kikapu chepesi na tumbo kubwa.

"Shikamoo bibi. Una mimba?"

"Marahaba. Muulize mume wangu huyu."

"Ni yangu," nikasema. Watu wakacheka.

"Haya, panda mizani."

"Mimi ni mzigo?"

"Ndege ndogo, bibi. Tunapima na watu."

Bibi akanitazama kama mimi ndiye niliyeitunga hiyo sera. Akapanda. Amezidi kilo nane! Akaanza kuvua khanga, moja baada ya nyingine, saba, ananitupia. Akavua na viatu. Bado sita.

"Bibi, hilo tumbo."

"Mzazi ale nini huko? Samaki tu?"

Rubani akawasha injini. "Ukibaki na mchele, unabaki mpaka Jumanne ijayo," Evarist akasema.

Bibi akafungua kifuko kiunoni, akanimiminia mchele mpya kwenye shati mpaka mshale ukatulia. Akapanda ndege pekupeku, bila kuaga.

Baada ya mwezi ikaja barua ya Lucia, kurasa nne za malalamiko. Mama kafika Jumatano, uchungu Alhamisi. Mama kagombana na wakunga, kamnyang'anya mtoto hata hajafutwa. "Kunyonyesha kwenyewe," ameandika, "naomba ruhusa."