Siku Mama Alipoitazama Sinema ya Kisasi

Nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za shule katika chumba ninachopanga Kakamega mjini, simu ilipolia. Alikuwa mama, kutoka nyumbani Mautuma. Hakunijulia hali.

"Stelingi ni nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni yule mtu mkuu wa sinema, yule anayepigwa risasi na hafi.

"Basi ndivyo wanamwitanga ndugu yako hapa sokoni," akasema. "Na binamu yenu amerudi."

Alisema yote mawili kwa pumzi moja, nami nikaacha kushona.

Baba alifia kwenye mpaka wa shamba. Babu alikuwa amepata kipande chake katika mashamba yaliyoachwa na wazungu, na alipofariki wanawe wawili wakagawana. Baba akachukua upande wa juu, baba mdogo upande wa mtoni. Kila msimu wa kulima vigingi vya mpaka vilihama kidogo, leo huku, kesho kule, na maneno yakawa mengi. Asubuhi moja baba alitoka kwenda kuangalia kigingi kilichong'olewa. Mama alimkuta amelala kifudifudi kati ya mahindi machanga, nyuma ya kichwa pamepasuka. Alifariki njiani kabla ya kufikishwa hospitalini.

Mtoto wa kwanza wa baba mdogo, huyo binamu yetu, alikamatwa. Akasema mzee aliteleza akaangukia jiwe. Kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakipalilia karibu siku hiyo, lakini kesi ilipoitwa mmoja alisema hakuona kitu, na mwingine hakuja kabisa. Kesi ikafa. Binamu akahamia upande wa Kitale, na kwa miaka mingi hatukumwona. Kwetu, damu ikishamwagika kati ya ndugu, nyumba hizo mbili hazili pamoja tena mpaka wazee wazitakase. Hakuna aliyewaita wazee. Tulipita mbele ya boma la baba mdogo tukienda kanisani na hatukugeuza shingo.

Ndugu yangu alikuwa bado mwanafunzi baba alipouawa. Aliacha shule, akaanza kubeba abiria kwa pikipiki. Hakuwa mtu wa maneno. Kumbe wakati wa kungoja abiria alikuwa akiingia katika ukumbi wa video pale sokoni, chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja, na kuna sinema moja aliyokuwa ameishika kama dini.

Ilikuwa ya Kihindi, ndivyo wote walivyoiita. Baadaye niliitafuta kwenye simu nikajua kwamba lugha yake ni Kitelugu, ya Wahindi wa kusini, ila pale sokoni hakuna aliyehitaji kuijua, maana DJ alikuwa ameitia sauti yake ya Kiswahili juu kwa juu, anasimulia, anacheka, anamtukana adui. Kisa chake ni hiki: mkulima wa miwa anauawa na mdogo wake wa damu, ndani ya shamba lenyewe, ili mashamba yote yawe ya mmoja. Mjane anakimbia na mtoto wake mchanga. Mtoto anakua, anafuga ndevu, anarudi, na kuanzia hapo ni mapanga, moto na magari yanayoruka. Anawamaliza wote, mmoja baada ya mwingine, na baba yake mdogo anamweka mwisho.

Ukiwa unatoka katika nyumba kama yetu, sinema hiyo si mchezo. Na vijana wa stendi ya pikipiki walijua. Walianza kwa mzaha. "Stelingi, leo umeamkaje?" Naye akafuga ndevu. Binamu alipoonekana sokoni akiwa na mke na mizigo yake, mzaha ukageuka. "Stelingi, adui amerudi. Utaanza lini?"

Jumamosi hiyo nilifunga kazi mapema nikaenda nyumbani. Ndugu yangu alikuwa nyuma ya jikoni, ananoa panga. Nilimsalimu, akaitikia vizuri tu. Nikamuuliza ananoa la nini na mahindi hayajakomaa. Akasema, "Panga hunolewa, dada." Akaendelea.

Mama alinitazama kutoka mlangoni. Hakuwa amelia. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Nipeleke mahali hapo," akaniambia.

"Mahali gani?"

"Kwenye hiyo sinema. Nataka kuona ni nani ananifundishia mtoto."

Mama hakuwahi kuingia ukumbi wa video maishani mwake. Tulipoingia, vijana waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza kama darasa. Mmoja akampisha kwenye benchi la mbele. Mwenye ukumbi, mwanamume tuliyemfahamu tangu alipokuwa akiuza redio, akaja kuuliza kwa adabu ni ipi angependa.

"Ile ya mtoto wangu," mama akasema.

Mwenye ukumbi hakuuliza tena ni ipi. Akaiweka.

Mama aliitazama yote bila kuegemea. Yule mkulima alipouawa katika miwa, niliona vidole vyake vimekamata ukingo wa benchi, na sikuweza kumtazama usoni. Lakini kadiri sinema ilivyoendelea alianza kuniuliza maswali kwa sauti, kana kwamba tuko peke yetu.

"Huyo mwanamke wa nguo nyeupe ni nani?"

"Mama yake stelingi."

"Mbona hasemi?"

"Anangojea mtoto wake alipize."

Akayarudisha macho kwenye televisheni. Baadaye, stelingi alipokuwa amemfikia baba yake mdogo na DJ anapiga mayowe na vijana wote wamesimama, mama akauliza tena: "Hajamuuliza kwa nini?"

"Nani?"

"Huyo mtoto. Amekuja toka mbali, ameua watu wote hawa. Hajamuuliza huyo mzee hata neno moja?"

Mzee aliungua katika shamba la miwa, sinema ikaisha, vijana wakatupisha njia.

Tukiwa barabarani mama alitembea mbele yangu kwa muda. Kisha akasema, "Na mimi sijawahi kumuuliza binamu yenu. Miaka yote hii. Nilimwachia hakimu amuulize." Akaongeza kwamba kesho yake, tukitoka kanisani, tungekwenda kwa baba mdogo.

Jioni alimwambia ndugu yangu mbele yangu. "Mimi na dada yako tunaenda kumuuliza. Ukitaka kuja, njoo. Ukija, uje na mikono mitupu."

Ndugu yangu akasema, "Mama, yule alishaulizwa kortini. Alisema jiwe." Akatoka nje.

Jumapili hakuja kanisani. Tulipoingia katika boma la baba mdogo, mkewe alisimama akaangusha sinia la maharagwe aliyokuwa akichambua. Baba mdogo alikuwa ameketi kivulini kwenye kiti cha kamba, amezeeka kuliko nilivyomkumbuka, mguu mmoja umevimba. Hakuna aliyetukaribisha, na mama hakungoja. Alisimama katikati ya uwanja akasema amekuja kumwona mtoto wa nyumba hiyo.

Binamu akatoka ndani. Alikuwa amenyoa kichwa, amevaa fulana, na nilipomwona niliona taya la baba yangu. Hilo lilinikasirisha kuliko chochote.

"Mama mkubwa," akasema, akainamisha kichwa.

"Sikuja kupigana," mama akasema. "Na sikuletwa na polisi. Nataka uniambie mwenyewe. Ilikuwaje?"

Baba mdogo akaanza kusema mambo hayo yalishapita, mama akainua kiganja bila kumtazama. Binamu akautazama mlango aliotokea. Nilidhani atarudi ndani.

"Nilimpiga na mpini wa jembe," akasema. "Alikuwa ameinama anarudisha kigingi. Nilimwambia aache, akaniambia mimi ni mtoto, nimwite baba yangu. Nikampiga mara moja. Mama mkubwa, mimi sikujua mtu anaweza kufa hivyo tu. Nilingoja aamke."

Mama aliketi chini pale pale, kwenye vumbi, na nguo yake ya kanisani.

Na hapo ndipo ndugu yangu alipoingia. Alikuwa amesimama nyuma ya ua muda wote, amesikia kila neno. Hakupiga kelele. Alitembea kuja, panga likiwa chini kando ya mguu wake, na mimi nililiita jina lake lakini miguu yangu haikusogea. Binamu alimwona akija na hakukimbia. Aliinua tu mkono wa kulia mbele ya uso, kama mtu anayejikinga na jua.

Panga likaupata mkono huo, chini kidogo ya kiwiko.

Binamu alipiga magoti. Damu ilikuwa nyingi, nyekundu kuliko nilivyowahi kuona. Mke wa baba mdogo alipiga ukemi, kuku wakatawanyika. Ndugu yangu alibaki amesimama na panga, anautazama ule mkono kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeukata. Kwa sinema yake, alipaswa kupiga tena. Nadhani yeye mwenyewe alikuwa akingojea kupiga tena.

Mama akasema kutoka pale chini, bila kupaza sauti, "Umemaliza kumpiga. Sasa mbebe."

Ndugu yangu akamgeukia.

"Nimesema mbebe. Atakufa hapa, na mimi sitazika mwingine."

Panga likaanguka. Alivua shati lake, akaufunga ule mkono juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Nilimsikia akisema, "Shikilia hapa, shikilia," na binamu akisema, "Nimeshika." Pikipiki yake alikuwa ameiacha nje ya lango. Wakampandisha. Ndugu yangu mbele, kifua wazi, binamu katikati, mama nyuma amewakumbatia wote wawili ili wa katikati asianguke. Wakaondoka hivyo. Niliwatazama mpaka vumbi likawafunika.

Nilibaki na baba mdogo. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa, nikamshika. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu baba afe. Tulikaa hivyo mpaka naibu wa chifu alipofika, nikamwonyesha panga lilipo.

Ndugu yangu hakutoroka. Polisi walimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, amejifunika leso ya mama. Mkono wa binamu uliokolewa, lakini vidole havikunjiki tena. Rumande ndugu yangu alikaa miezi, na mama alisafiri mpaka Kakamega kumwona kila mara aliporuhusiwa, akilala kwangu. Ndevu walimnyoa huko ndani. Kesi ilipofika hakimu alimuuliza binamu kama ana la kusema, naye akasema hana kinyongo, mtu huyo alimkata na mtu huyo ndiye aliyemfikisha kwa daktari. Ndugu yangu alikuwa amekubali kosa. Akapewa kifungo cha nje.

Mimi nililia kwa furaha pale kortini. Mama hakulia.

"Binamu yenu ananunua kimya chetu," aliniambia tukitoka. "Unadhani siyaoni?"

Labda ni kweli. Labda pia mtu anaweza kutubu na kununua kwa wakati mmoja. Baadaye wazee wa ukoo walikuja kumwomba mama, wakasema nyumba zote mbili zimemwaga damu sasa, itafutwe kondoo, zitakaswe, watu wale pamoja. Aliwapikia chai, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Nilimzuia mwanangu asiue," akawaambia. "Sikusema nimesamehe."

Mwaka huu kukhu, mama mzazi wa baba na baba mdogo, alifariki. Ilibidi nyumba zote mbili zimzike. Kulikuwa na mioto miwili ya kupikia, mmoja upande wetu na mmoja upande wao, na sufuria mbili za obusuma, ugali wetu, na wageni walichanganyikiwa waketi wapi. Wajukuu wa kiume walifukia kaburi. Binamu alishika sepetu kwa mkono wa kushoto, ndugu yangu alikuwa upande wa pili wa shimo. Udongo uliingia kutoka pande zote mbili.

Ndugu yangu anaishi kwangu mjini siku hizi, anafanya kazi kwenye gereji. Tulirudi pamoja kwa matatu kutoka mazishini. Kabla ya kufika Malava akaniuliza, akiangalia nje, kama ni kweli mama ameanza kuulizia kuhusu kuifufua kesi ya baba. Nikamwambia ameuliza mara moja, kwa wakili mmoja wa kanisani, na hajaamua.

"Akiamua, nitaitwa?"

"Utaitwa. Wewe ulisikia. Sote watatu tulisikia."

Alifunga dirisha la gari.

"Na nitasema nini, dada?"

Nilimwambia atasema alichosikia. Akatikisa kichwa, polepole, na sikujua kama alikuwa akikubali au akikataa.