Vitanda arobaini, na kaka aliyelala nje

Saa tano asubuhi, joto ndani ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali limeshapanda kiasi cha mtu kulowa jasho akiwa amesimama tu. Mwanamke mmoja mrefu, mkavu, anavuta shuka kutoka kwenye kikapu cha magurudumu, anaikung'uta mara moja na kuiingiza ncha kwenye rola za mashine ya kupigia pasi. Upande wa pili mwenzake anaipokea ikiwa imenyooka na inafuka mvuke. Wanaikunja bila kutazamana. Inafuata nyingine.

Mikono yake ina makovu ya kuungua kutoka viganjani hadi viwikoni. Lakini jina amelipata kwa miguu. Hospitali nzima, madaktari kwa wapishi, wanamwita Treni.

"Wengine hawajui jina alilonipa mama," anasema huku akivuta shuka. "Hata kwenye bango wameandika Treni. Utadhani sikuzaliwa, nilitoka karakana."

Bango lenyewe limebandikwa nje ya lango la hospitali. Linamwonyesha akikata utepe wa kumalizia mbio, mikono juu, mdomo wazi kwa furaha. Chini yake pameandikwa: "Anakimbia ili wao walale." Zamani alipenda kulipitia karibu. Siku hizi akifika hapo huvuka barabara.

Mama huyu wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ametumia miaka sita kukimbia marathoni na kuchangisha fedha za shirika la hisani linalowasaidia watu wasio na makazi. Mshahara wake, ukishatoa kodi ya nyumba na ada za shule, kinachobaki hakitoshi hata viatu vya kukimbilia. Vile anavyovaa amepewa na daktari wa watoto ambaye, kwa bahati njema, ana miguu mikubwa kama yeye.

Safari hiyo haikuanza kwa huruma. Ilianza kwa amri.

"Hospitali ilikuwa inatafuta watu wa kujaza timu," anakumbuka. "Mkuu wa wauguzi akashuka huku chini, akasema kila idara itoe mtu. Ghafla wenzangu wote wakawa na magoti mabovu! Nikabaki mimi."

Zilikuwa mbio fupi. Alimaliza, akanywa maji, akaona bado ana pumzi. Mwaka uliofuata alikimbia kilomita zote arobaini na mbili. Na kufikia wakati huo alikuwa na sababu yake mwenyewe.

Sababu hiyo ni kaka yake.

Wazazi wao walifariki Treni akiwa bado mdogo. Kaka akaacha shule, akajifunza kazi ya kupiga plasta, na kwa kazi hiyo akamlea mdogo wake hadi akaolewa. "Ukuta wa kaka ungeupitishia kiganja ukadhani unapapasa sahani," anasema Treni. "Na alikuwa na maringo nao! Tukipita mtaani ananisimamisha, ananionyesha nyumba za watu. 'Ile yangu. Na ile pale, yangu.' Nyumba zote zake, na yeye mwenyewe mpangaji."

Siku moja jukwaa la ujenzi liliporomoka chini ya miguu yake, nyonga ikavunjika. Mkandarasi alilipa gharama za siku ya kwanza, kisha simu yake ikawa haipatikani. Kaka hakuweza tena kupanda ngazi. Maumivu yakamfundisha pombe. Mkewe akavumilia, akachoka, akarudi kwao. Mwenye nyumba naye akatoa vyombo nje.

Kwa miezi kadhaa alilala kwenye kochi sebuleni kwa Treni. Hakuna aliyemfukuza, na hilo Treni analisisitiza. Shemeji yake, mume wa Treni, alimheshimu, watoto walimpenda.

"Asubuhi moja binti yangu mdogo alimkuta ameanguka bafuni, amejikojolea," anasimulia. "Mtoto hakupiga kelele. Alichukua taulo, akamfunika. Kaka alipopata fahamu na kuliona lile taulo, akafungasha mfuko wake. Nikamwambia, 'Kaka, unakwenda wapi sasa?' Akaniambia, 'Mtoto wa umri ule hatakiwi kujua kufunika watu.' Akaondoka. Nilimfuata mpaka kona, akanikatalia."

Alihamia kwenye baraza la duka la samani. Nyuma ya kioo, hatua chache kutoka alipotandika boksi lake, kulikuwa na vitanda vya kuuza.

Shirika lilipotangaza kwamba linajenga nyumba ya vitanda arobaini kwa ajili ya watu kama yeye, Treni alikimbia kama aliyetumwa. Mwaka mwingine alishiriki mbio tatu. Wodi kwa wodi alipita akichangisha: wauguzi walitoa, wafagiaji walitoa, hata wagonjwa waliomtazama kwenye televisheni walitoa. Aliwaeleza watu wa shirika habari za kaka yake, nao wakamwahidi kwamba atapata nafasi. Meneja alisimama hadharani akasema chumba kimoja kizima, cha vitanda kumi, kimetokana na miguu ya Treni.

Siku ya ufunguzi alikata utepe. Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, alimfuata kaka yake barazani. Alimkuta amenyoa ndevu na kuvaa shati aliloazimwa. Wakatembea polepole, kwa sababu ya nyonga.

Mlinzi wa mlangoni alimtambua mara moja.

"Shikamoo, mama Treni! Karibu, umesahau kitu?"

"Marahaba. Nimemleta kaka yangu."

Mlinzi akamsogelea kaka, akamsalimia, kisha akarudi nyuma kidogo. Akamwita msimamizi wa zamu, dada mmoja mpole, ambaye naye alisogea, kisha akarudi nyuma.

"Mama, samahani sana," akasema msimamizi. "Huyu amekunywa."

"Amekunywa kidogo ya kutuliza mguu. Asingeweza kufika hapa bila hiyo."

"Naelewa. Lakini sheria ya nyumba ni kwamba anayenukia pombe haingii. Nikimpitisha kwa sababu ni ndugu yako, wengine nitawazuia kwa mdomo gani?"

"Vitanda si viko wazi? Mchana nimeviona kwa macho yangu."

"Viko wazi, mama. Aje kesho akiwa hajanywa."

Kaka ndiye aliyeumaliza mjadala. Alimshika mdogo wake mkono, akacheka. "Twende zetu, mdogo wangu," akasema. "Usigombane nao, watakunyang'anya kazi yako ya kukimbia."

Treni anasimulia maneno hayo akiwa ameizima mashine. Mwenzake wa upande wa pili anajifanya anahesabu foronya.

Kesho yake kaka hakwenda, wala kesho kutwa. Alisema hawezi kunuswa kama nyama sokoni. Kurudi sebuleni kwa Treni pia alikataa. Mvua zilipoanza, kifua kikambana. Alipokubali kuletwa hospitali, nimonia ilikuwa imeshashika mapafu yote mawili. Alifia wodini, ghorofa mbili juu ya chumba ambamo mdogo wake anafanya kazi.

"Shuka zake zilishuka huku pamoja na za wengine," anasema Treni. "Shuka za hospitali hazina jina. Sikujua zipi ni zake. Basi nikazifua zote za siku ile kama za kwake."

Shirika lilituma shada la maua lenye utepe wa rangi zake. Wiki iliyofuata ofisa wao wa habari alipiga simu kuomba picha ya marehemu kwa ajili ya bango jipya. Alieleza kwamba kisa hicho kitawagusa wafadhili.

"Nikamuuliza, 'Mtakiandika chote? Na pale mlangoni mtapaandika?' Akasema atawauliza wakubwa. Mpaka leo anawauliza."

Meneja wa shirika hakukwepa maswali ya mwandishi wa makala haya. "Tulimkosea Treni, na hilo linatusumbua," alisema. "Lakini ndani mle kuna watu wanaopigana kuacha pombe. Ukimlaza aliyelewa kitanda cha jirani, unawarudisha walikotoka. Sheria ile imeokoa wengi."

Treni alipopewa majibu hayo alimalizia kukunja shuka aliyoishika. "Hasemi uongo," akasema. "Hilo ndilo linalonikaba. Ningekuwa nimeonewa na mtu mbaya, ningemchukia, nikapumua."

Aliacha kukimbia. Fulana za shirika alizigeuza matambara ya kupangusia mashine. Mwenzake wa kukunja shuka, ambaye ni shoga yake wa miaka mingi, alimuunga mkono kwa moyo mmoja. "Nilimwambia, waache wakimbie wenyewe na vitambi vyao tuone!" anadakia kutoka nyuma ya mashine.

Kisha asubuhi moja, akielekea kazini, Treni alipita mbele ya ile nyumba wakati wakazi wake wanatoka. Nywele zimechanwa. Mmoja alikuwa anapiga mluzi. Akamwamkia.

"Nilitaka niwachukie, nikashindwa," anasema. "Wamelala, jamani. Utamchukiaje mtu kwa sababu amelala?"

Mwezi ujao atakimbia tena, ila safari hii kwa masharti yake. Ahadi za michango zimeanza kuingia, na fedha zote zinawekwa kwa mkuu wa wauguzi, yule yule aliyemtoa kwenye mashine mara ya kwanza. Hazitakwenda kwa shirika hadi litenge chumba chenye mlango wake, mbali na vyumba vya wengine, kwa ajili ya wanaofika wakiwa wamekunywa. Chumba kipo. Kiko chini, hakina ngazi, na kwa sasa ni stoo ya fulana, mabango na vikombe vya mbio.

"Nimekipima, kinatosha vitanda vinne," anasema. "Fulana hazipati nimonia."

Bodi ya shirika ilikataa ombi hilo mara ya kwanza. Imekubali kulijadili tena baada ya mbio. Wapo wanaosema anawaadhibu maskini kwa hasira zake, na yeye anakiri kwamba usiku mwingine huwaza hivyo hivyo. Hata hivyo hajabadili msimamo.

Mwandishi anamuuliza kama, siku chumba hicho kikifunguliwa, atakuwa amepata faraja.

"Faraja ya nini?" anajibu, na kuwasha mashine. "Kaka yangu hatalala humo. Atalala kaka wa mtu mwingine, ambaye dada yake hayuko kwenye bango lolote. Huyo ndiye nataka aingie."