Shitingi ya Chini ya Nyumba

Jamani, leo mama yangu ameivua nyumba yetu nguo!

Bon, niwaeleze.

Hapa ugenini, mtaani kwetu Beechmont, sakafu yetu ilikuwa inapandisha unyevu, chumba cha watoto kinanuka ukungu. Jana fundi aliingia chini ya nyumba kwa kutambaa, akatandika shitingi, ile plastiki nene, juu ya udongo wote.

Leo natoka kazini, naikuta plastiki ile ile nje, mbele ya nyumba. Mama ameivuta kutoka chini ya nyumba, ameanika mihogo juu yake!

Majirani wanachungulia. Mimi moto umeshapanda kichwani.

"Mama! Umefanya nini?"

"Shitingi nzima namna hii, mnailaza kwenye udongo?"

"Mama, fundi ameiweka izuie unyevu usipande ndani."

Akawa anageuza mihogo yake.

"Donc kumbe huku hata udongo unapewa shitingi. Kule kambini, tukiwa wakimbizi, tuliomba moja tu, hatukupata. Tulinyeshewa usiku kucha, wewe ukiwa mgongoni mwangu."

Hasira yangu iliishia pale pale.

Wewe unayesoma, ungekuwa mimi, ungemjibu nini?

Plastiki tutairudisha kesho. Leo acha mihogo ya mama ikauke.