Jumatano za Mama Espérance

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua huko Kinanira, mtaa wa mlimani, mwanangu, watu wawili wa chuo kikuu kimoja walipokutana ukingoni mwa korongo wakatazamana kama wageni. Mmoja wao nilikuwa mimi, Salvator.

Nilikuwa asistanti, yaani mwalimu msaidizi, katika uhandisi, ndevu bado zinaniota kwa zamu. Mkuu wangu alinituma nipime korongo lililokuwa likila kiwanja cha Mzee Rajabu, fundi wa magari, mzaliwa wa mji huu. Mvua zilikuwa zimeshachukua jiko lake, na ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umeanza kupasuka. Nikiwa nasimamisha vyombo vyangu vya kupimia, akaja msichana mwenye buti za mpira na mifuko midogo ya udongo. Aliitwa Béatrice, asistanti wa kilimo, binti aliyetoka mkoa wa Cibitoke. Mkuu wake naye alikuwa amemtuma kwenye korongo lile lile.

Mzee Rajabu alitutazama kwa zamu.

"Nyinyi wote munatoka ku université moja?"

"Ndiyo, Muzee," tukajibu.

"Na hamujuane?"

Hakuwa anatucheka. Aliuliza kama mtu anayehofia nyumba yake.

Tulirudi kwa wakuu wetu tukawaeleza. Wangu alisema majani hayajawahi kuzuia mlima kuteremka. Wake alisema ukuta wa mawe bila mizizi utaanguka na kufukia watu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, mwanangu, na sisi ndama tukabaki mlangoni, huku mawingu yakizidi kukusanyika juu ya Kinanira.

Aliyetutoa hapo ni Mama Espérance, msimamizi wa utafiti pale chuoni, mama mpole asiyepandisha sauti hata akikasirika. Hakuwahubiria wakuu wetu umoja. Alimwendea kila mmoja ofisini kwake, akanywa chai yake, akaomba jambo dogo: Jumatano asubuhi, Salvator na Béatrice wasipangiwe somo. Walipokubali, sekretari wake akapanga ratiba upya, akatutafutia chumba, na dereva akaambiwa kwamba siku hiyo gari ni letu. Watu husifu ushirikiano kwenye mikutano mwaka mzima. Lakini mwalimu anayefundisha kila asubuhi na kusahihisha kila jioni, atashirikiana saa ngapi?

Basi, Jumatano za kwanza tuligombana tu. Hata neno "udongo" lilitushinda. Kwangu mimi ulikuwa mzigo unaotaka kuporomoka, kwake ulikuwa kitu chenye uhai. Siku moja Mama Espérance alitukuta tumenuniana, kila mtu ameelekea dirisha lake. Akavuta kiti.

"Salvator, nieleze kazi ya Béatrice."

"Lakini Mama, si mwenyewe yuko hapa?"

"Yuko. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ukikosea, atakusahihisha."

Nikaanza kueleza, jasho linanitoka. Nikasema mizizi ya mianzi hufunga udongo kama kamba. Béatrice aliuma midomo, kisha akashindwa kujizuia, akacheka.

"Apana, we Salvator. Mizizi haifungake tu, inakunywaka maji pia. Na ile maji ndiyo inasukumaka ukuta yako kwa nyuma."

Nikaitazama michoro yangu. Kuta nilizokuwa nikizichora ziliogopa kitu kimoja kuliko vyote, maji yanayojikusanya nyuma yake, na huyu binti alikuwa na njia ya kuyapunguza. Ikaja zamu yake kueleza hesabu zangu. Alikosea, nikamsahihisha, naye akaandika. Kuanzia siku ile tulianza kufanya kazi.

Chini ya korongo tulipanga mawe ndani ya nyavu za waya. Juu yake Mzee Rajabu na majirani wakapanda mianzi na majani. Mvua za msimu uliofuata zilichukua sehemu ya mianzi, tukaipanda tena. Chumba cha kulala kilibaki kimesimama. Mzee Rajabu alitupikia pilau, na wakuu wetu wote wawili walikuja wakala kutoka chungu kimoja, ingawa walikaa mbali mbali.

Ungedhani yameisha. Apana. Béatrice alipoomba kupandishwa cheo, mjumbe mmoja wa baraza la chuo aliishika ripoti yetu ya korongo akasema, "Hii ina majina mawili. Tuihesabu nusu." Béatrice aliinamisha kichwa. Angekosa cheo kwa sababu alikubali kukaa na mimi chumba kimoja.

Mama Espérance, aliyekuwemo barazani, akasimama, akauliza kwa sauti ile ile ya chini: "Mtoto mwenye baba na mama, kwenu munamuhesabu nusu?"

Hawakukubali siku ile, alirudi kwao mara nyingi, lakini mwishowe walikubali, na Béatrice akapanda. Baadaye alikuja kusimamia utafiti wa chuo, akawa mkuu wangu, nami nilimtumikia kwa furaha.

Sasa wewe, mwanangu, umekabidhiwa walimu na wafanyakazi wa fani mbalimbali, na umekuja kuniuliza uwaunganisheje. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo wanalijua tayari, usilirudie mbele yao. Wape saa isiyo na somo, na mlango wanaoweza kuufunga wakagombana kwa heshima. Mshirikishe sekretari na dereva tangu mwanzo, maana kazi hupita mikononi mwao. Mfundishe kila mmoja kuieleza kazi ya mwenzake. Na siku ya kuhesabiana sifa ikifika, usikae kimya. Hapo ndipo watakapojua kama ulikuwa unawataka pamoja kweli.

Mungu akupe subira ya kunywa chai ya watu wagumu. Akupe wenzako wa kukusahihisha wakicheka, na uzeeke huku wanaokuzidi wakikuita rafiki. Imana ikurinde, Mungu akulinde, mwanangu. Nenda, wanakungoja.